Msimamizi wa Mitungi

Chai yake ilikuwa ikipoa kila siku. Alikuwa akikaa, anapiga funda moja, kisha anainuka kwenda kuangalia jenereta, au mlangoni kutazama nani anapita, au nyuma ya mteja anayeandika ili asome bila kuombwa. Kikombe kinabaki juu ya mashine ya kuchapisha mpaka inzi wanakigundua. Sisi tulimwita Msimamizi. Jina lake ninalijua, na watu wa Bariadi wa rika langu wanalijua, lakini hata nilipomtambulisha kwa mume wangu kwenye harusi ya ndugu yake nilisema tu, "Huyu ndiye Msimamizi," naye akampa mkono kana kwamba ndivyo alivyobatizwa.

Alikuwa na chumba cha intaneti karibu na stendi, enzi ambazo Bariadi bado ilikuwa mkoa wa Shinyanga na Simiyu lilikuwa jina la mto. Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ushirika wa pamba. Wanunuzi binafsi walipoingia na mizani yao na malori yao, ofisi ile ilipungua watu mpaka ikabaki na mlinzi na makabati. Yeye hakungoja kuambiwa aondoke. Alifunika taipureta, akaaga, na baada ya muda tukaona dishi kubwa juu ya bati na kompyuta kuukuu ndani, zenye sauti kama ya mashine ya kusaga. Mji mzima wakati ule ulikuwa hivyo, hakuna aliyetulia. Mwenye duka alitaka kununua pamba, mnunuzi wa pamba alitaka kufungua nyumba ya wageni, na sisi walimu tulitaka kwenda popote penye chuo.

Mimi niliingia chumbani mwake kutafuta nafasi ya masomo. Nikakuta watu watatu wanaandika, wanacheka peke yao, na mmoja anafuta machozi. Nikauliza wanafanya nini.

"Wapo Mitungi," alisema. "Kaa, nikuoneshe."

Mitungi ni mji ambao haupo. Ulikuwa jukwaa la Kiswahili kwenye intaneti, na watu wa Mwanza, wa Dar es Salaam, wa Dodoma, na wengine waliokuwa wanasoma nje ya nchi, walikuwa wakiandika pamoja maisha ya mji huo wa kubuni. Kila mtu alikuwa na mhusika wake mmoja. Unaandika mhusika wako amefanya nini na amesema nini, na mwingine anajibu kwa kinywa cha mhusika wake. Kijana aliyeanzisha jukwaa alikuwa Dar es Salaam, akachoka, akamwachia ufunguo huyu mama wa Bariadi kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa anasoma kila kitu. Kazi yake ilikuwa kutunga kanuni na kupitisha wahusika. Hakuna aliyeingia Mitungi mpaka yeye amesoma maelezo ya mhusika na kuandika chini yake: Apite.

Mimi nilimtungia daktari bingwa, mwanamke mrefu, mzuri, aliyerudi kutoka Uingereza. Msimamizi alisoma akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Mwalimu, huyu daktari anakosa nini?"

"Hakosi kitu, mayu," nilisema, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

"Basi anakuja Mitungi kufanya nini?"

Akaniambia nitazame orodha ya wakazi. Mitungi ulikuwa na marubani, wakurugenzi, wanamitindo, na mapacha wawili wenye kampuni ya madini. Mkulima alikuwa mmoja, naye alikuwa ameandikwa na mwanafunzi wa Dodoma ambaye, ilionekana wazi, hajawahi kushika jembe. "Mji mzima umeshiba," alisema. "Watu walioshiba hawana la kusemezana." Nilirudi na mwanamke dereva wa lori, meno mabovu, anayeogopa madaraja. Huyo alipita siku hiyo hiyo, na nikaishi naye miaka mingi kuliko nilivyoishi na baadhi ya marafiki zangu.

Kanuni zake hazikukaa wiki bila kubadilishwa. Aliamka na wazo, akafika chumbani hajavua kanga ya kichwa, akaandika tangazo. Usimsemee mhusika wa mwenzako. Usimwue bila ridhaa ya mwenyewe. Kilichoandikwa Mitungi hakifutwi, hata kama umejutia. Na ile iliyoleta kelele kuliko zote, kwamba hakuna mhusika atakayetajirika bila mji kujua ametajirikaje. Hiyo ilitungwa baada ya jamaa mmoja wa Mwanza kumwamsha mhusika wake asubuhi akiwa na ghorofa. Msimamizi alisimamisha mji mzima akauliza ghorofa limetoka wapi. Jamaa akajibu kwamba siku hizi watu wanatajirika kila kona ya nchi na hakuna anayewauliza, kwa nini Mitungi pekee iwe tofauti. Alimjibu kwa maneno mawili: "Ndiyo maana."

Na bado mtu huyu wa kanuni hakuwa na kanuni maishani mwake. Alipanda baiskeli upande wowote wa barabara. Aliweza kufunga chumba saa tano na wateja wakiwa ndani, akaenda kuangalia ng'ombe aliyesikia anauzwa, akarudi saa nane bila ng'ombe na bila kuomba radhi. Aliwakaripia watu kwa kuandika haraka haraka, lakini yeye ukurasa ukichelewa kufunguka alikuwa anaipiga meza kofi. Aliimba kwaya kanisani, sauti ya pili, na katikati ya ibada ungemwona anatoka nje, anazunguka uwanja, anarudi kiitikio kinapoanza. Padri alishamzoea. Nilimuuliza siku moja anatafuta nini huko nje. Akasema, "Sijui. Nikikaa nasikia kama kuna mahali wananisubiri."

Udhaifu wake mkubwa ulikuwa maandishi mazuri. Mtu akiandika vizuri, mkono wa Msimamizi ulikuwa mwepesi kupitisha. Alisahau maswali yake yote. Ndiyo sababu nataka kueleza habari ya Kipanga.

Kipanga lilikuwa jina la jukwaani. Kila mtu Mitungi alikuwa na jina la kujificha, na Msimamizi hakumfichua mtu hata kwa mumewe. Kipanga alileta mhusika aliyeitwa Bibi Milembe, mwanamke mzee anayeishi peke yake ng'ambo ya mto, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, sikio moja limepasuliwa na pembe ya ng'ombe. Alikuwa na mbuzi, na mbuzi mmoja alimwita Karani kwa sababu anapiga kelele bila kufanya kazi. Msimamizi alisoma kwa sauti, chumba kizima kikasikiliza, hata waliokuja kuchapisha barua tu. Akaandika: Apite. Akaongeza: Hongera, huyu ni mtu.

Miezi ya kwanza tulimpenda. Mhusika wangu alikuwa akimpa lifti. Kisha mwaka huo mvua ikawa mbaya, kweli kweli, na Mitungi nayo ikapata ukame kwa sababu watu walikuwa wanaandika wanayoyaona. Mmoja akaandika kwamba Bibi Milembe ameonekana mtoni alfajiri. Mwingine akaandika mtoto wake ameugua baada ya kunywa maziwa ya mbuzi wake. Kipanga hakukanusha. Aliandika tu kwamba bibi alisikia hayo na hakusema neno. Ilikuwa hadithi kali, na watu walianza kuchapisha kurasa na kuzipeleka vijijini, zikawa zinasomwa minadani na kwenye vituo vya kuuzia pamba, wengi wasijue kama ni mchezo wa watu kwenye kompyuta.

Asubuhi moja mwanamke aliingia, viatu vyake vina vumbi la safari, mkononi ana karatasi zilizokunjwa mpaka zimechanika kwenye mikunjo. Alisalimia vizuri, "Mwangaluka," tukaitika. Halafu akauliza nani mwenye mji wa Mitungi.

"Ni mimi," Msimamizi alisema. "Karibu, mayu."

"Mama yangu yupo Lingeka, huko Meatu," alisema yule mwanamke. "Sikio lake moja lilipasuliwa na ng'ombe. Watu wameanza kumwita Milembe. Siyo jina lake. Juzi wameweka miiba kwenye njia ya kwenda kwake. Nimekuja kuuliza mmemwonea wapi."

Hakuna mtu wa kwetu asiyejua mwisho wa mzee mwenye macho mekundu akianza kusemwa uchawi wakati mvua imegoma. Hatuhitaji kuelezana. Msimamizi alichukua zile karatasi, akazitazama kama vile hajawahi kuziona.

"Sikujua kama yupo," alisema.

"Yupo," alisema binti. "Kwa leo yupo."

Tuliondoka wote watatu siku hiyo hiyo, mimi nikiwa likizo, tukabadilisha magari hadi Meatu, na kipande cha mwisho tulipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua pamba. Njia nzima Msimamizi alikuwa akimwambia dereva akanyage mafuta.

Tulimkuta bibi amekaa mbele ya nyumba yake, anachambua pamba, chafu huku, safi huku. Miiba ilikuwa kweli imewekwa njiani, matawi ya mgunga yaliyokatwa kwa makusudi. Binti aliyavuta pembeni kwa mikono mitupu. Msimamizi alisalimia kwa kupiga magoti, akaomba ruhusa, akaanza kumsomea yote yaliyoandikwa, anayageuza Kisukuma kadiri anavyosoma, bila kuruka hata yale mabaya. Bibi aliendelea kuchambua. Alicheka mara moja tu, aliposikia kuhusu wingi wa mbuzi. "Huyo ni tajiri," alisema. "Mimi ninao watano."

Aliposikia jina la Karani mikono ikasimama.

"Jina hilo nilimpa mwaka huu," alisema. "Hapa kwangu hawafiki watu. Binti yangu anajua, na anayejua mwingine ni mtoto wa mume wangu, wa mke mwenzangu. Huja kukaa pale." Alionesha gogo chini ya upenu. "Anauliza habari za shamba la mtoni. Baba yake aliniachia mimi. Nikimwambia sitoi, hakasiriki. Anakaa, ananitazama. Nilidhani anamkumbuka mama yake."

Msimamizi alikuwa anajua kwamba huyo ndiye Kipanga. Niliona usoni mwake kabla hajasema. Kipanga alikuwa karani wa mizani wa mnunuzi mmoja wa pamba, mtu wa miaka thelathini hivi, mpole, aliyekuwa akiandika chumbani mwa Msimamizi mwenyewe, kompyuta ya ukutani, na kumwamkia kila akiingia.

Binti alitaka mama aondoke siku ile. Bibi akakataa, pamba yake haijauzwa. Hawezi kuwaachia watu jasho lake. Mimi nilirudi Bariadi kwa sababu ya watoto wangu. Msimamizi, ambaye hakuweza kumaliza ibada moja akiwa ndani, alibaki. Binti alinisimulia baadaye kwamba alikaa kwenye gogo lile lile chini ya upenu, akichambua pamba na bibi, na mtu akipita mbali anamsalimia kwa sauti ili ajue nyumba ina wageni. Alimwita mwenyekiti wa kijiji akaja, akawaita wazee wa sungusungu wakaja, akawasomea na wao, akawaambia mji huo ni wa kutunga na mtunzi wake yupo. Alikaa mpaka gunia la mwisho limepimwa. Kisha akawasindikiza bibi na binti hadi Maswa, kwenye nyumba ya binti, ndipo akarudi.

Kipanga alikuja kama kawaida. Mimi nilikuwepo. Aliamkia, akavuta kiti.

"Mbuzi anaitwa nani?" Msimamizi alimuuliza.

"Mbuzi gani, mayu?"

"Wa Bibi Milembe."

"Karani."

"Nimemwona. Ulimwandika vizuri."

Yule bwana aliangalia kioo cha kompyuta ambacho kilikuwa bado hakijawaka. "Ni hadithi," alisema. "Mimi sijaandika kwamba ni mchawi. Wameandika wengine. Mji wenyewe haupo."

"Shamba lipo."

"Sikumtuma mtu kuweka miiba."

"Sijataja miiba."

Akanyanyuka. Mlangoni akageuka, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa kama ya mtu aliyeumia. "Wewe ndiye uliyempitisha. Uliniandikia hongera. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia hongera."

Akaondoka. Msimamizi alivuta kile kiti akakaa. Wateja waliingia, wakasubiri, wakatoka. Hakuinuka mpaka mchana.

Siku iliyofuata alivunja kanuni yake mwenyewe. Alifuta kila palipoandikwa Bibi Milembe, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na majibu ya wenzetu, pamoja na safari zote za lori langu. Watu wa jukwaa waliwaka. Waliandika kwamba ameua mji, kwamba anatawala kama ofisi za zamani, kwamba dunia imefunguka na yeye anafunga. Hakuweza kuwaeleza sababu bila kumtaja bibi, kwa hiyo hakueleza. Alibandika kanuni mpya tu. Mhusika aliyechukuliwa kwa mtu aliye hai hapiti mpaka mtu huyo amesomewa yote, kwa lugha anayoisikia vizuri, na amekubali. Na mhusika anayesingiziwa ana haki ya kutaka mwenye kumsingizia aulizwe amejuaje.

Nilikuwa naiona kuwa kanuni nzuri, na bado ninaiona hivyo. Lakini lazima niseme pia kwamba baada ya hapo alikuwa mtu mgumu kupita kiasi. Kumpitisha mhusika kulichukua miezi. Alikuwa anapiga simu kwa gharama yake, anauliza, "Huyu mama mwenye mguu mbovu ni nani kwako?" Mtu akisema nimebuni tu, hakuamini. Alimrudisha msichana mmoja wa Dodoma mara nyingi kwa sababu ya kovu aliloweka kwenye shavu la mhusika wake, mpaka msichana akaandika kwamba kovu ni lake mwenyewe, je, Msimamizi sasa ameridhika? Msimamizi alimwomba radhi mbele ya wote. Msichana hakurudi. Wengi hawakurudi. Mimi nilimwambia anawafukuza wazuri pamoja na wabaya. Akaniambia, "Najua, mwalimu. Nioneshe jinsi ya kuwatenganisha kwa kusoma tu, nifanye."

Bibi hakurudi Lingeka. Alikuwa salama Maswa, akilalamika kwamba maji ya mjini hayana ladha. Shamba la mtoni alilichukua mtoto wa mume wake. Hakuna aliyemzuia, mwenyewe hakuwepo. Msimamizi alifuatilia kwenye kata, akaambiwa ni mambo ya ukoo. Akafuatilia tena. Akaambiwa mwenye malalamiko aje mwenyewe, na bibi alisema haendi kupita njia ile.

Baadaye simu za mkononi zikajaa, vyumba vya intaneti vikakosa watu, dishi likashushwa. Mimi nilihamishwa. Tulikuwa tunatumiana salamu za sikukuu, kisha hata hizo zikakatika.

Nilimwona tena Nyashimo, nikiwa nasubiri basi la kwenda Mwanza. Alikuwa anafanya biashara ya mpunga, amenenepa, miwani imefungwa kwa uzi. Alinikumbatia huku anamwita mtu kwa mkono aje kupakia. Mitungi, aliniambia, ingalipo. Ni kundi dogo kwenye simu, watu wachache wa zamani na watoto wao. Bibi alifariki akiwa Maswa, kitandani kwake, kwa uzee.

"Na Kipanga ameniandikia," alisema. "Kwa jina lake la kweli. Anataka kurudi."

"Na mhusika gani?"

"Mwanaume mpima pamba. Amechukua shamba la mke wa baba yake."

Nilimuuliza kama ameandika vizuri.

"Vizuri mno," alisema, na akatazama barabara kana kwamba alitamani jibu lingekuwa jingine. "Nikamwambia kanuni anaijua. Bibi hayupo, kwa hiyo aende kwa binti. Asome yote mbele yake, kwa Kisukuma. Nilidhani hatakwenda."

"Akaenda?"

"Mara ya kwanza binti alifunga mlango. Mara ya pili alimpa maji, akamwambia aondoke. Mara ya tatu akamwacha asome mpaka mwisho."

Basi langu liliingia, kondakta akaanza kuita watu wa Mwanza. Nilishika mfuko wangu lakini sikusogea.

"Akasema nini, mayu?"

"Alimwambia, habari za shamba umeziandika kwa ufupi. Rudi ukaandike."

"Na anaandika?"

"Sijui. Hajanitumia kitu." Alikuwa ameshageuka, anahesabu magunia kwa macho. "Ila binti alipita Lingeka wakati wa kupanda. Majirani wote wamelima. Shamba lile Kipanga hajaligusa, lina majani tu."